Mashine Iliyonyamaza Haijasema Njugu ni Safi

Njia panda ya Rongo huona mengi yakipita. Malori ya mahindi yaliyovuka mpaka kutoka Sirari hadi Isebania hupanda na barabara kuu kupitia Migori na Awendo, yakafika hapa na kushika njia ya Kisii. Kutoka upande wa Ndhiwa na Homa Bay huja magunia ya njugu karanga, ambazo sokoni hupimwa kwa gorogoro na kuuzwa mbichi, zilizokaangwa au zilizosagwa. Mashambani kuna miwa, na karibu na miwa kuna viwanda vidogo vya sukari guru. Juu ya vyakula hivi vyote limening'inia swali ambalo jicho, pua na ulimi haviwezi kulijibu: je, kuna sumu ndani yake? Jibu la kuaminika hutoka maabara, na ndani ya mashine za maabara kuna kifaa kidogo kiitwacho detekta, ambacho kazi yake ni kuhisi kinachopita mbele yake na kukichora kama mlima kwenye karatasi au skrini. Detekta ya zamani ikinyamaza, desturi iliyozoeleka katika taasisi za umma ni kuifunika mashine nzima kwa karatasi ya plastiki, kuisukuma ukutani na kuandika barua ya kuomba mpya. Desturi hiyo inatugharimu kuliko bei ya mashine yenyewe, kwa sababu maabara isiyoweza kueleza kwa nini mashine yake imenyamaza leo haiwezi kuthibitisha kwamba jana ilikuwa ikisema kweli.

Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hakuna mahali methali hii inapokaa vizuri kama mbele ya mashine ya kromatografia. Mashine hii hufanya kazi mbili. Kwanza hutenganisha: sampuli iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya bomba jembamba, kolamu, na kila kemikali hupita kwa mwendo wake, nyingine zikikimbia na nyingine zikijikokota. Halafu hutambua: kila kemikali inapotoka upande wa pili, detekta huihisi na kuchora kilele. Mgunduzi wa mbinu hii, mwanabotania Mrusi Mikhail Tsvet, alipoanza kazi yake mwanzoni mwa karne ya 20 hakuhitaji detekta, kwa kuwa alikuwa akitenganisha rangi za majani ndani ya bomba la unga wa chokaa, na macho yake yalitosha kuziona kijani na manjano zikiachana. Sumu tunazoziogopa sisi hazionekani kwa jicho. Tumekabidhi kazi ya kuona kwa kifaa, na kifaa kikichora mstari ulionyooka, mstari huo una maana mbili zisizopatana. Huenda sumu haimo. Huenda imo, na kifaa ni kipofu. Kwenye karatasi ya majibu maana zote mbili huandikwa kwa neno lile lile: haikuonekana.

Uzito wa neno hilo huonekana ukitazama sumukuvu, ambayo wengi nchini Kenya huiita aflatoksini. Ilianza kujulikana mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa chakula kilichotengenezwa kwa njugu zilizoota kuvu. Watafiti waliipa majina kwa jinsi inavyong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno: B kwa zile zinazotoa mng'ao wa buluu na G kwa zile za kijani. Kenya iliifahamu kwa msiba. Mwaka 2004, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini katika mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo moja, yaani sehemu 10 katika bilioni. Anayetaka kukipiga picha kiasi hicho na afikirie sekunde 10 ndani ya miaka 32 hivi. Hakuna mpishi, mnunuzi wala afisa wa afya anayeweza kuzikamata sekunde hizo kwa pua. Ni detekta peke yake, na tena iwe imeamka.

Kwa upande wetu wa ziwa ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu njugu za Busia na Homa Bay ulikuta kwamba takriban asilimia 87 ya sampuli zilikuwa na chini ya mikrogramu 4 kwa kilo, jambo la kumfurahisha kila mkulima. Lakini sampuli kama 7 au 8 katika kila 100 zilipita mikrogramu 20, na iliyochafuka kuliko zote kutoka Homa Bay ilivuka mikrogramu 7,000. Takwimu hizi zisomwe polepole. Sumu haikusambaa sawasawa kama chumvi ndani ya mboga; ilijikusanya katika magunia machache huku magunia mengi yakiwa karibu safi. Kwa hiyo kupima gunia moja katika mia na kulipeleka mbali likangoje majuma kadhaa hakumkingi yeyote. Anayetaka kulipata gunia lile moja la hatari anapaswa kupima mengi, mara nyingi, na karibu. Hapo ndipo mashine kuukuu ya mkoani inapokuwa na thamani kuliko mashine maridadi iliyoko zaidi ya kilomita 300, Nairobi, yenye foleni ya sampuli za nchi nzima.

Majibu ya maabara hayaishii kwenye afya. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na familia nyingi zikajikuta zikitazama pakiti iliyoko kabatini kwa shaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haijapita sehemu 10 katika bilioni. Mfanyabiashara wa Isebania na dereva wa lori linalopita Rongo waliguswa na uamuzi huo moja kwa moja. Namba inayotoka kwenye detekta inaweza kufunga mpaka, kufilisi mfanyabiashara au kuokoa mtoto anayenyweshwa uji. Kitu chenye nguvu kiasi hicho kikinyamaza, la kwanza ni kukihoji, kwa utaratibu, kabla ya kukizika.

Kuhoji huku kuna mpangilio wake, nao hauhitaji miujiza. Chukua mashine ya kromatografia ya kimiminika yenye detekta ya mwanga wa urujuanimno, aina inayopatikana katika maabara nyingi za vyuo na za dawa. Fundi mwenye busara haanzi kwa kufungua kifuniko cha detekta. Huanza kwa kuuliza kama kuna chochote kinachoifikia. Pampu ikiwa imewekwa isukume mililita 1 kwa dakika, basi baada ya dakika 10 bomba la kutolea taka liwe limetoa mililita 10. Silinda ya kupimia na saa ya mkononi zinatosha kulithibitisha hilo. Zikitoka mililita 6, tatizo liko kwenye pampu, vali au bomba linalovuja, na detekta inasingiziwa. Kiasi kikiwa sawa, kolamu huondolewa kwa muda, mabomba yakaunganishwa moja kwa moja, kisha ukadungwa myeyusho mzito wa kemikali inayojulikana kunyonya mwanga. Kafeini, ile ile iliyomo katika majani ya chai, inafaa sana, na hunyonya vizuri kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 273 hivi. Kilele kikitokea, detekta ni nzima na kosa litafutwe nyuma yake: kwenye kolamu, kwenye sindano ya kudungia, au kwenye sampuli yenyewe. Kwa jaribio moja la dakika chache, nusu ya washukiwa wameachiliwa.

Kilele kisipotokea, nusu iliyobaki huhojiwa kwa zamu. Taa ya deuteriamu, inayotoa mwanga huo, kwa kawaida hudumu saa 1,000 hadi 2,000. Nyingine huwaka hata baada ya hapo, lakini kwa unyonge usiotosha kupenya sampuli, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Mashine nyingi hata za zamani huonyesha nguvu ya mwanga na hesabu ya saa za taa, ila mtu awe na mazoea ya kuzisoma. Chumba kidogo cha kioo ambamo kimiminika hupita kinaweza kuwa na kiputo cha hewa au uchafu ulioganda, na mara nyingi kukisafisha kwa alkoholi na maji safi kunatosha. Urefu wa mawimbi unaweza kuwa uliwekwa na mwanafunzi wa jana kwa ajili ya kemikali nyingine kabisa. Na yawezekana detekta inasema vizuri bali hakuna anayeisikia. Nyingi za zamani hutoa ishara kwa njia ya volti ndogo kupitia waya miwili, na waya ukikatika au kompyuta kuukuu inayopokea ishara ikifa, skrini huonyesha mstari ulionyooka kana kwamba detekta imekata roho. Multimita ya fundi umeme ikiwekwa kwenye ncha za waya huo itaonyesha kama volti zinacheza. Zikicheza, kilichokufa ni kompyuta, na detekta inaweza kuunganishwa na kifaa kingine cha kurekodi.

Kuna kisa kimoja cha kikemia kinachofaa kumnyima usingizi kila anayesaini vyeti vya sumukuvu. Sumukuvu za njugu na mahindi hupimwa sana kwa detekta ya mng'ao, inayozimulika kwa mwanga wa urujuanimno na kuhesabu mwanga unaorudi. Lakini B1 na G1 zikiwa katika mchanganyiko wenye maji mengi, kama ilivyo ndani ya mashine hizi, mng'ao wake hufifia mno, ilhali B2 na G2 huendelea kung'aa. Ndiyo maana maabara nyingi huongeza hatua baada ya kolamu: kwa iodini, bromini au mwanga wa urujuanimno, B1 na G1 hubadilishwa umbo ili zing'ae na kuonekana. Hatua hiyo ikiharibika kimyakimya, mashine itaendelea kuchora vilele vya B2 na G2 kwa uzuri, na mtu asiyejua atasema detekta inafanya kazi. Kumbe imeziba sikio kwa B1, iliyo kali kuliko zote nne na ambayo ndiyo kisababishi kikuu cha madhara ya ini. Hapa kosa haliko kwenye taa wala waya. Ni mtu anayeijua mashine kwa ndani, aliyezoea kuuliza kwa nini kilele fulani kimekosekana, ndiye pekee atakayeligundua. Mashine mpya ikiletwa bila mtu huyo, kosa litakuja nayo.

Tukubaliane basi kwamba ufundi wa kutafuta kosa na uwezo wa kuamini majibu ni ujuzi mmoja wenye majina mawili. Anayepitisha sampuli ya kujaribia kila asubuhi kabla ya kazi, akaandika urefu wa kilele na saa za taa kwenye daftari, ataona mashine ikidhoofika miezi kabla haijanyamaza. Atajua siku gani majibu yalianza kutiliwa shaka na sampuli zipi zirudiwe. Asiye na daftari ataamka siku moja akute kimya, na hatajua kama kimya hicho kilianza jana au Krismasi iliyopita. Vyeti alivyotoa katikati ya kipindi hicho vitabaki mikononi mwa watu, vikiwa na mihuri na sahihi, wala hapatakuwa na njia ya kutenganisha vya kweli na vya bahati.

Je, inawezekana mashine zilizokufa zikafufuliwa na watu wa kawaida, au haya ni matumaini ya kwenye karatasi? Swali hili lilichunguzwa na watafiti Robert Malkin na Allison Keane, ambao kazi yao ilitoka mwaka 2010. Walikusanya taarifa za vifaa vilivyoharibika katika hospitali 60 zenye uhaba wa rasilimali, katika nchi 11, Afrika ikiwemo. Kila kifaa kilijaribiwa kutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo. Kati ya vifaa zaidi ya 2,500 vilivyokuwa vimesimama, 1,821, yaani asilimia 72, vilirudi kazini bila kipuri kutoka ng'ambo. Theluthi mbili ya kazi hiyo ilihitaji stadi 107 tu za msingi: umeme, mabomba, makenika, vyanzo vya nguvu, mota na, kubwa kuliko zote, fungu la usimikaji na mafunzo kwa mtumiaji, lililobeba robo nzima. Ni kweli kwamba hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali, na mashine ya kromatografia ni nyeti zaidi ya kitanda cha upasuaji au pampu ya kunyonya. Lakini ukiorodhesha sababu nilizozitaja za detekta kunyamaza, utaona zinaingia katika mafungu yale yale. Fyuzi, waya, kiputo, bomba, mpangilio mbaya. Na baada ya mwaka 2023, ambapo umeme ulikatika karibu nchi nzima mwezi Agosti, tena Novemba na tena Desemba, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini vyanzo vya nguvu vya mashine huungua.

Kinyume chake, tunao mfano wa njia ya kununua kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, kwa mabilioni ya shilingi. Kamati maalumu ya Seneti iliyotoa ripoti mwaka 2020 iliukosoa vikali mpango huo, na miongoni mwa yaliyobainika ni vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, vyumba au wataalamu. Mpango huo uliwasaidia wagonjwa wengi, na si haki kuupaka matope wote. Funzo lake kwa maabara ni dogo na wazi: upya wa mashine haukuziba pengo la mtu na mazingira. Mashine inayokaa kwenye sanduku na mashine iliyofunikwa plastiki zinatoa idadi sawa ya majibu.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mashine kuukuu haiaminiki, na kwamba maabara inayotaka kutambuliwa kimataifa haiwezi kujitetea kwa kifaa cha miaka ya tisini. Kiwango kinachotumika kuzipima maabara duniani, ISO/IEC 17025, hakiweki umri wa mashine. Kinadai ushahidi: kwamba kifaa kimerekebishwa kwa vipimo vinavyofuatilika, kwamba kumbukumbu zinatunzwa, kwamba wafanyakazi wana uwezo na kwamba majibu yanakaguliwa mara kwa mara. Detekta ya zamani inayopita majaribio hayo inakubalika. Mpya isiyo na kumbukumbu haikubaliki. Kwa hiyo hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho, inarudi kwenye daftari na mtu anayeliandika.

Ya pili ni ya vipuri. Watengenezaji huacha kuhudumia matoleo ya zamani, na fundi hawezi kufyatua taa ya deuteriamu kwenye karakana ya jua kali. Hili ni kweli kwa sehemu. Taa, vizibo na vali za mashine nyingi bado huuzwa na kampuni zinazotengeneza vipuri mbadala, na taa moja ni suala la makumi ya maelfu ya shilingi, ilhali mashine mpya ni suala la mamilioni. Lakini kuna mashine ambazo kweli zimefika mwisho, na kuzing'ang'ania ni kupoteza muda. Kutafuta kosa kwa utaratibu ndiko kunakotuambia ni zipi. Kosa likijulikana kwa jina lake, tunaweza kulinganisha gharama ya kulitibu na gharama ya kununua. Lisipojulikana, kila ugonjwa unapewa dawa moja, nayo ni zabuni. Tena mashine iliyokufa kabisa ina pampu, vali na mabomba yanayoweza kuihuisha ndugu yake iliyoko chuo jirani, mradi mtu ameorodhesha kilicho kizima na kisicho.

Ya tatu ni ya usalama, nayo naikubali karibu yote. Detekta ya mwali, inayotumika katika kromatografia ya gesi, huchoma haidrojeni, na mwali wake hauonekani kwa urahisi. Fundi huushuhudia kwa kushika kioo baridi juu ya tundu la kutolea moshi na kutazama kama kitatiwa ukungu na mvuke. Asiyejua anaweza kuiacha gesi ikijaa chumbani. Detekta ya kunasa elektroni, aliyoibuni James Lovelock mwaka 1957 na iliyouwezesha ulimwengu kuona mabaki ya DDT hata yakiwa machache mno, mara nyingi hubeba nikeli-63 yenye mnururisho, na hiyo haifunguliwi na yeyote asiye na idhini na mafunzo ya kushughulikia mnururisho. Taa ya urujuanimno huumiza macho. Haya yote yanadai mafundi waliofunzwa na kutambuliwa. Hayatoi ruhusa ya kutokuwa na fundi yeyote, kwa sababu mashine mpya pia ina haidrojeni, ina mnururisho na ina taa ile ile.

Ya nne husema kwamba zama zimebadilika: vipo vijiti na vibati vya kupima sumukuvu kwa dakika chache, na sampuli ngumu zipelekwe Nairobi. Vipimo vya haraka ni neema, na kila ghala la nafaka kati ya Isebania na Rodi Kopany lingefaa kuwa navyo. Vinafanya kazi ya chekecheo. Lakini mfanyabiashara aliyekataliwa lori lake na mkulima aliyeambiwa njugu zake zitupwe wana haki ya kudai kipimo cha pili, chenye namba inayoweza kutetewa mbele ya mahakama, na kazi hiyo bado ni ya kromatografia. Kuhusu Nairobi, hakuna anayedai kila wadi iwe na mashine yake. Swali ni kama ukanda wenye watu wengi na mazao mengi hivi, wenye Chuo Kikuu cha Rongo upande mmoja na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kule Homa Bay, wenye wanafunzi wanaosomea sayansi na vyuo vya ufundi vinavyofunza umeme na elektroniki, unapaswa kutegemea basi la usiku kujua kama chakula chake ni salama.

Yanayopaswa kufanywa ni machache, na mengi hayangoji bajeti kubwa. Kamati inayoidhinisha kuondolewa kwa mali chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 idai ripoti ya uchunguzi kabla ya mashine yoyote ya maabara kuandikwa mfu: nini kilijaribiwa, kwa mpangilio gani, kosa liko wapi, tiba ni shilingi ngapi. Mikataba ya kununua mashine mpya, na barua za kupokea za msaada, ziweke sharti la vitabu vya mwongozo, michoro ya umeme, vipuri vya miaka kadhaa na mafunzo kwa zaidi ya mtu mmoja, kwa kuwa mtu mmoja huhama. Kaunti za Migori na Homa Bay na vyuo vilivyomo zinaweza kushirikiana kuweka ghala moja la vipuri na myeyusho wa kujaribia, na kuajiri mafundi wachache wanaozunguka badala ya kila taasisi kumngoja fundi wa kampuni kutoka mbali. Na fundi wa mashine za maabara apewe cheo chenye ngazi za kupanda. Ilivyo sasa, mwalimu wa kemia hupanda kwa machapisho na afisa wa ununuzi hupanda kwa uzoefu, lakini aliyeifufua detekta na kuiokolea taasisi mamilioni mara nyingi hubaki pale pale, mpaka siku anapoondoka na ujuzi wake kichwani.

Sharti moja zaidi liwekwe kwenye karatasi ya majibu yenyewe. Popote panapoandikwa kwamba sumu haikuonekana, paandikwe pia kiasi kidogo kabisa ambacho mashine ingeweza kukiona siku hiyo, na kwamba sampuli yenye sumu inayojulikana ilipitishwa ikaonekana. Mistari hiyo miwili haiongezi gharama yoyote ya maana kwa maabara inayofanya kazi ipasavyo, kwa sababu inayoyafanya hayo tayari itaandika tu. Kwa maabara isiyoyafanya, mistari hiyo itaumbua, na ndiyo kazi yake. Mnunuzi wa gorogoro moja ya njugu pale sokoni Rongo hana haja ya kujua deuteriamu ni nini wala kwa nini B1 hufifia majini. Anachodai ni kitu kimoja, na ni haki yake: siku ile maabara iliposema haikuona kitu, ilikuwa inaona?